Jina Lako Kwenye Nafasi ya Baba

Mjomba wangu mpendwa,

Sikuulizi hali, maana nilikuwepo siku ulipotolewa ndani ya nyumba kwenda kuzikwa kule Nanyamba, nami tumbo langu likiwa la miezi saba. Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu hapa Magomeni, Zuhura kalala kwenye mkono wangu wa kushoto. Nina watu wa kukushitakia, na nikishamaliza nao nitajishitaki mwenyewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania juu ya kazi yangu? Kila mgeni akifika ulimwambia, "Huyu Somoe analipwa kwa kutowaamini watu." Hukukosea. Kwa wakala wa forodha ninakofanya kazi, asubuhi hadi jioni nalinganisha majina. Jina la mwenye mzigo likipishana herufi moja na lile la kwenye hati, kontena linabaki bandarini na simu zinaanza kulia. Miaka yote hiyo nimekuwa nikikamata makosa ya wenzangu. Kosa langu mwenyewe nililiandikisha hospitalini, nikalikunja vizuri na kulitia kwenye bahasha.

Nilipojifungua nilienda kudai fao la uzazi. Ni haki ya mwanamke yeyote anayechangia kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, awe na mume au asiwe naye, na hilo nilikuwa nimelisoma mara tatu ili asije mtu akanidanganya. Nilibeba kadi ya kliniki, barua ya mwajiri na tangazo la kizazi nililopewa hospitalini. Kila karatasi niliitolea nakala mbili, kwa sababu ulinifundisha kwamba karatasi halisi haiachiwi mtu asiye ndugu.

Dirishani alikuwepo mama mmoja wa bara, mpole, msalaba mdogo shingoni. Alimsifia Zuhura, nikajiuliza anamsifia ili iweje. Akasoma karatasi zangu. Akazirudia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe ni Somoe Issa Namtimba?"

"Ndiyo."

"Na baba wa mtoto ni Issa Namtimba?"

"Ndiyo," nikasema, tena kwa kujiamini.

Akanyanyua macho. Akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto, akasema nisubiri, akaingia chumba cha nyuma na karatasi zangu na mlango akaufunga. Nikajua anataka chochote. Nikaanza kupanga maneno ya kumjibu, makali, ya kumfundisha adabu. Naapa, Mjomba, nilikaa pale robo saa nikimshuku rushwa mwanamke aliyekuwa akishuku jambo zito kuliko hilo, na sikuelewa mpaka aliporudi na kusema, "Tumemwita ofisa ustawi wa jamii. Ni utaratibu tu, usiogope." Hapo ndipo nikaisoma karatasi yangu kama ninavyosoma za watu. Kwa karatasi ile, baba yangu ndiye aliyenizalisha.

Wewe unajua ilivyokuwa, lakini yule mama angejuaje? Baba yangu alivuka Ruvuma nikiwa bado nanyonya, akaenda upande wa pili kwa ndugu zake, na mto ukammezea huko. Nilipofika umri wa shule ulinipeleka mwenyewe kwa baiskeli, mimi nimekaa kwenye bomba la mbele na sare iliyonizidi. Mwalimu mkuu akasema mtoto haandikwi bila jina la baba. Mama akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mwalimu alivyozidi kukunja uso. Wewe ukasema, "Niandike mimi." Njiani kurudi Mama alikulaumu kwamba umedanganya serikali. Ukamjibu, "Karatasi inataka mwanaume, tumeipa mwanaume," ukaanza kupiga mluzi. Tangu siku hiyo nikawa Somoe Issa kwenye daftari, kwenye cheti, kwenye kitambulisho, kwenye mkataba wa kazi. Nyumbani ukabaki Mjomba. Sikuona utata wowote, maana kwetu mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye mwenye sauti.

Nilipopata mimba ya Zuhura nilikuja kukuambia kabla ya kumwambia Mama. Ulikuwa umetoka kupuliza dawa kwenye mikorosho, kitambaa bado kimefungwa puani. Uliniuliza neno moja tu kuhusu yule mwanaume.

"Atakuja?"

"Haji." Alikuja na msimu wa korosho, akaondoka nao, na namba yake haipatikani.

"Basi tusimfuate. Mtoto akija, mwandikeni wa hapa nyumbani."

Hukuwahi kuniuliza jina lake. Nililia kwa furaha siku ile, nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Kwa hiyo nesi aliponiuliza jina la baba, na kalamu yake iko juu ya karatasi, nilifanya ulichofanya wewe kwa mwalimu mkuu. Nilikutaja. Ulikuwa umekufa wiki chache kabla, nilikuwa na uchungu wa kila aina, na niliona nimekupa heshima.

Ofisa ustawi ni binti mdogo kwangu. Aliniletea maji. Alifunga dirisha watu wasisikie. Akasema, "Dada Somoe, hapa uko salama, hakuna atakayekudhuru. Huyu Issa mlikuwa mnaishi naye nyumba moja?" Nikasema ndiyo, alinilea. Akaandika. "Alikuwa analala chumba gani?" Nikamwambia huyo ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu, na ni marehemu. Akaandika tena, polepole, halafu akanisogezea karatasi laini za kufutia machozi, na mimi nilikuwa silii. Nilitamani angenifokea. Kila nilivyozidi kukutetea ndivyo alivyozidi kunihurumia, kwa sababu kumbe hata wanaotendewa mabaya hutetea hivyo hivyo. Dai langu likawekwa kando mpaka utata uondoke.

Sasa nakuja kwangu mimi, na hapa naomba unisikilize bila kukatiza. Siku chache baada ya pale nilianza kukukagua. Nilikuwa namnyonyesha Zuhura, na huku napitia miaka yangu yote na wewe kama napitia hati za mzigo wenye mashaka. Ile mara uliyonibeba mgongoni kutoka zahanati nikiwa na malaria, ulinibebaje? Kwa nini ulininunulia mimi viatu vya plastiki vyekundu na watoto wa Mama Mdogo hukuwanunulia? Kwa nini hukuoa tena? Nikafika mahali nikamshuku Mama, kwamba pengine huyo baba wa ng'ambo ya mto hajawahi kuwepo. Sikupata kitu, Mjomba. Nilipata mtu aliyekuwa akikohoa mlangoni kabla ya kuingia tangu nilipovunja ungo, ili nisione aibu ndani ya nyumba yangu. Nakuomba radhi. Swali la mtu mwingine niliruhusu likae kwetu usiku na mchana, na wewe haupo kulijibu.

Nilifikiria kuliacha dai. Likizo yangu ya uzazi inakwenda ukingoni, kazini hawatanisubiri, na bila fao hilo siwezi kumlipa mtu wa kumwachia mtoto. Lakini hayo ningeyabeba. Kilichonikataza kuacha ni faili. Ningeondoka, na lile faili lingebaki kabatini na swali lake, na jina lako ndani yake, na siku moja angelifungua mtu asiyetujua.

Njia ilikuwa moja, hati ya kiapo. Nikampigia Mama, akashuka kutoka Nanyamba kesho yake na kuku kwenye kikapu, akiwashuku wote kuliko nilivyowashuku mimi.

"Hao wanataka kukuchukulia ntoto," aliniambia kabla hajakaa. "Usiwape kitu."

"Mama, wanataka useme tu nani baba yangu."

"Ntu aliyekulea nikamkane mbele ya wakubwa? Issa yuko chini ya udongo, nami nimkane?"

Nilimbembeleza jioni nzima. Asubuhi tukaenda kwa wakili, Mama amejifunika khanga mpaka machoni. Alipoulizwa alisema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, "Issa ni kaka yangu tumbo moja. Huyu ntoto baba yake alivuka ntoni, hakurudi." Akalitaja jina la baba yangu. Nimefika umri huu, nina mtoto wangu, na ndiyo kwanza nalisikia likitajwa. Wakili akaniuliza jinsi linavyoandikwa, nikamwambia sijui.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilisimama, nikainua mkono, nikaapa kwamba Issa Namtimba si baba wa mtoto wangu Zuhura. Hilo lilinitoka vizuri. Wakili akanikumbusha kuna la pili. Nikaapa kwamba Issa Namtimba si baba yangu, hajawahi kuwa baba yangu, na jina lake nililitumia kwa sababu ya malezi tu. Nadhani neno "tu" alilitia wakili mwenyewe. Niliomba aliondoe, akasema hati imeshachapwa.

Yule mama wa dirishani aliisoma yote, akanishika mkono, akasema, "Pole, dada. Ningekuwa mimi, ningependa mtu aulize." Nilimtazama sana nione kama ananihadaa. Hakuwa ananihadaa. Naye ofisa ustawi amefunga faili, na mbele yangu ameandika kwamba hakuna jambo. Nilimwomba anisomee, kisha nikaisoma mwenyewe.

Ujumbe umeingia kwenye simu leo asubuhi kwamba dai limekubaliwa. Zuhura ataandikwa upya. Atakuwa Zuhura Somoe Namtimba, wa nyumbani kama ulivyosema, na kwenye nafasi ya baba watapiga mstari. Wakili aliuliza kama na mimi nataka kubadilisha jina, maana sasa ukweli umejulikana. Nilimwambia langu aliache lilivyo.

Umeshasafishwa, Mjomba. Hakuna anayekuuliza kitu tena. Na nilichoapa ni kweli, kila neno, hata Mungu anajua. Ila nimekuwa nikisoma karatasi za watu kwa miaka na naujua uongo ulivyo, na sijapata kuweka saini yangu chini ya kitu kilichofanana na uongo kama kiapo kile.

Pumzika. Barua hii haina mhuri wa mtu.

Mwanao,
Somoe