Hodi kwenye Kaburi la Wafalme

Jumanne. Mikene, Ugiriki

Magofu matatu kwa siku moja, na dereva wetu bado anauliza kama tumechoka. Mawe hata kwetu Same yapo, tena ya bure.

Lakini Mama. Tangu tumzike Baba kule kijijini Myamba, hajakanyaga kaburini kwake, nami sina ubavu wa kumwambia. Leo, mlangoni pa kaburi la wafalme wa kale, akasimama. "Hodi humu!" Watalii wakageuka.

"Mama, hawa walishakufa zamani."

"Ndiyo uwaingilie kama mbuzi?"

Mwangwi ukamwitikia kutoka ndani. Akacheka, kisha akafuta macho.

Garini akanishika mkono. "Tukifika nyumbani, mwanangu, nipeleke nikampigie hodi baba yako."