Mama, Tumeacha Pengo Kwenye Tuta

Mama,

Mimi ni Amina wako. Zaituni nimempakata, ndiyo kwanza kalala, mwandiko unisamehe. Ameota meno mawili. Ulimwacha hajajua hata kukaa.

Ile homa ya baada ya mafuriko ilipokuchukua, nilidhani na kazi yako imekwenda nawe. Lakini maji ya Elinino yalipopungua, watu walinijia wakasema tuta la mto limevunjika, mvua nyingine zikija tutahama tena, na wa kuita watu kazini ni mtoto wako. Mimi huyu, Mama, niliyeishia darasa la tano. Nikakubali, maana tangu mdogo nilikuwa nyuma yako ukipita mlango kwa mlango. Hukuwa unatuma mtu. Ulikuwa ukiniambia, "Nenda mwenyewe, wakuone uso."

Nikaenda. Kila mlango. Hata kwa Mzee Bakari, jirani yako aliyekutania kwamba ukifa ndipo atapumzika. Safari hii hakutania. Alichukua jembe akatangulia.

Siku tatu tulijaza magunia udongo, tukapanga, tukashindilia. Tuta likanifika kifuani. Nilifurahi, nikajiona wewe.

Siku ya nne akaja Dahabo, yule mama wa Kiorma aliyekuwa akikuletea maziwa nawe ukimpa mahindi tangu sijazaliwa. Akatua kibuyu, akalitazama tuta mwanzo mpaka mwisho. Akaniuliza, taratibu tu, "Sasa, Mama Zaituni, ng'ombe wetu tuwafundishe kuruka?"

Ndipo nikaelewa. Malka, njia yao ya kuteremsha ng'ombe mtoni kunywa maji, mafuriko yameifukia mchanga, haionekani. Magunia nimeyapanga juu yake. Milango yote niliyopita ni ya kwetu. Wao walikuwa wamehamia mbali, kwenye nchi kavu, nami sikwenda. Wewe ungekwenda. Kiangazi kikifika wangelibomoa tuta wapate maji, na vijana wetu wangetoka na mapanga.

Nikawaita watu, nikasema kosa ni langu, tufukue. Mzee Bakari akaniuliza nani atamrudishia mgongo wake wa siku tatu. Wengine wakasema wafugaji wazunguke huko, mto ni mrefu. Nikapanda nikaanza kushusha magunia peke yangu, Zaituni mgongoni analia. Gunia la tatu, Mzee Bakari akalishika upande wa pili huku ananitukana.

Kesho yake nikaenda na Dahabo kambini kwao, kwa miguu. Tukakubaliana: pengo libaki wazi ng'ombe wapite, magunia yake yawekwe kando, na mto ukipanda, wao na sisi tuzibe pamoja. Kwa mdomo tu, Mama. Hakuna karatasi.

Sasa mto umepanda. Tangu asubuhi maji ni mekundu, yanabeba matawi. Huko juu imenyesha. Pengo linatazama nyumba yangu. Nimekwenda kambini mwenyewe alfajiri, wakaniambia wanakuja. Jua limefika utosini na njia ni tupu. Baba Zaituni amefunga godoro. Mzee Bakari anasema tusingoje mtu, tuzibe, na tuzibe moja kwa moja, pasifunguliwe tena.

Nikiwaza mtoto, nataka kuziba sasa hivi. Nikiwaza kiangazi, nasita. Nimechomeka kijiti ukingoni. Maji yakikigusa tutaziba, wawepo wasiwepo. Bado kama shibiri moja. Pengine wako njiani. Mimi naamini wako njiani.

Naacha hapa, Mama, nimfunge mtoto mgongoni niende. Mungu akupe usingizi mwema huko uliko, pakavu. Nami nakuahidi hili: leo wakija au wasije, siku maji yatakaposhuka nitalifungua lile pengo, hata kama nitayashusha magunia peke yangu.

Mwanao,
Amina