Jina Lililo Ndani ya Wimbo

Marahaba, mjukuu wangu Saumu; shikamoo yako imenifikia. Hapa Msambweni tu wazima, na mamako amerudishwa kazini hotelini Diani, alhamdulillahi.

Umeniuliza aliko Mwanasiti anayetajwa katika wimbo ule wa zamani, upate kumjua yeye na wenziwe waliouimba. Mjukuu wangu, Mwanasiti hakuimba. Yeye ndiye aliyekuwa bibi harusi. Mimi nilikuwapo, msichana wa kupiga makofi nyuma ya waimbaji. Zama zile wimbo wa harusi ulimsifu mwenye shughuli. Mwimbaji kujitaja ilikuwa aibu. Waliokuja kuurekodi wakaandika jina walilolisikia.

Waimbaji tumewazika. Amebaki Bi Riziki peke yake, yuko Bongwe kwa mwanawe. Jana nilikwenda na simu, nikamwekea sauti yake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono.

"Huyu mwanamke ana sauti," akasema. "Yu hai bado?"

Nikamwekea wimbo tena. Ukija, mwite kwa jina lake, hata kama hataitika.

Bibi yako