Ruta Chini ya Sufuria

Marahaba, mjukuu wangu Salma. Mvua imenyesha, na kikohozi cha babu yako kimepoa, alhamdulillahi.

Unauliza kama nilikuona kwenye mashindano ya kusoma Kurani. Majirani walijaa sebuleni, nami nilikuwa nimekifunika kile kiboksi cha intaneti, ruta, kwa sufuria kubwa, vifaranga wasikinyee. Ukatokea kwenye runinga, ukafumbua kinywa, ukaganda hivyohivyo. Babu akaomba dua, kile kiduara cha kusubiri intaneti kikazidi kuzunguka kwenye kioo.

“Mjukuu wenu anapiga miayo,” akasema jirani yetu Mama Hawa.

Kwa aibu nikaamua basi niwapikie pilau. Nilipoinua tu ile sufuria, sauti yako ikajaa nyumba nzima! Kumbe hata kulinda kuna kipimo chake. Nilikusikiliza mpaka aya ya mwisho, nimepakata sufuria, machozi yakidondokea humo.

Pilau tulipika kesho yake.

Bibi yako, Manyoni