Mtu Hafungwi kwenye Gari

Mjomba,

Arobaini yako imepita, na lile gari lako la polisi niliachiwa mimi niliendeshe. Nakuandikia mchana, mlango nimeufunga, maana kesho asubuhi nina safari.

Barabara ya Mocímboa usingeijua. Tangu gesi ionekane baharini, malori yanapita kutwa na vyuma virefu kuliko nyumba, na mvua imemalizia palipobaki. Wapimaji nao wamefika mashambani. Shamba la Bi Fatuma walilipiga vigingi. Mwanawe, Abdala, akaving'oa, akarusha jiwe, akavunja kioo cha gari lao. Tukamkamata, nami nikaambiwa nimpeleke mahakamani kwa barabara hiyo.

Komandante mpya wa kituo akasema, "Mfunge pingu kwenye chuma cha gari. Huyu ana mbio."

Nikakumbuka siku yangu ya kwanza nawe. Nilimfunga mtu kwenye chuma kile kile. Ukamfungua, ukanifunga mimi, juani, mpaka ulipomaliza chai yako. Kisha ukasema, "Mtu hafungwi kwenye gari. Likipinduka, atatokaje?" Nilikuchukia siku ile, Mjomba.

Basi nikakataa. Komandante akasema, "Akikimbia, selo utalala wewe."

Nikamkalisha Abdala kitini, pingu mbele, mkanda kifuani, nikampa maji. Tomasi, askari mwenzangu wa Mueda, akakaa ubavuni mwake.

Penye daraja dogo lori likatujia katikati ya njia. Nikalikwepa, tukatumbukia mtoni. Gari likalala ubavu, maji yakaanza kujaa. Nikatokea dirishani, nikauvuta mlango wa nyuma. Tomasi alikuwa amekwisha mfungulia Abdala mkanda, akamsukuma nje. Tukatazamana, mimi na Abdala, yeye anakohoa, pingu mikononi. Ningeweza kumshika. Lakini mguu wa Tomasi ulikuwa umebanwa na maji yamemfika kidevuni. Nikamgeukia Tomasi. Nilipomtoa, Abdala hayupo.

Nikalala selo. Nilikulaumu, Mjomba. Najua si vizuri kumlaumu aliyetangulia, lakini nilikulaumu. Halafu namwaza Abdala amefungwa kwenye kile chuma, maji yanapanda, na mimi sina hata nafasi ya kutafuta ufunguo.

Siku ya nne, saa sita mchana, Bi Fatuma akaingia kituoni na mwanawe. Mikono ya kijana ameifunika kanga. Akaiondoa. Pingu bado zipo, vifundo vimevimba.

"Mlimtoa majini yu hai," akamwambia Komandante. "Nami nimemrudisha hai. Nataka nimpate hivyo hivyo."

Komandante akachukua ufunguo wa selo. Alinifungulia, akanisukumia funguo za gari jingine mezani. Tomasi anachechemea, lakini amesema atakuja.

Kesho nampeleka tena Abdala, njia ile ile. Kuhusu kile chuma Komandante hajasema neno. Huenda asubuhi akasema, na jibu langu ni lile lile.

Bi Fatuma aliomba apande nasi. Nikamwambia, "Mama, hairuhusiwi." Akasema atapanda chapa la abiria, atufuate nyuma. Hiyo ndiyo ahadi ninayokupa, Mjomba: nitaendesha taratibu, chapa lisitupoteze, mama amwone mwanawe mpaka mlangoni kwa hakimu.

Pumzika, Mjomba. Mungu akupe nafasi pana huko uliko.

Mpwa wako,
Anli