Fundi Aliyeaga Kupita Kiasi

4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba uwakusanye watu wote wa nyumba, wakae, wanyamaze, kisha uwasomee tangazo hili: birika langu la umeme, lililonitumikia miaka tisa bila kuugua, limekabidhiwa rasmi kwa mpishi wa bweni mbele ya mashahidi wawili. Redio ameichukua msafishaji wa ghorofa ya pili. Kiti kimekwenda kwa bawabu, ambaye alikuwa akikikalia hata kabla sijampa.

Maana yake umeshaielewa. Mkataba wa huku chuoni ugenini umekwisha, narudi nyumbani moja kwa moja. Safari ni tarehe ishirini. Nimezunguka chuo kizima, kuanzia chumba cha pampu hadi ofisini kwa mkuu, nikiwaomba radhi niliowakosea na nisiowakosea. Wengine walinikodolea macho. Mmoja akauliza, "Kwani unakwenda wapi?" Nikamjibu, "Nakwenda kupumzika, ndugu yangu. Hamtaniona tena."

Macho ya Mama vipi? Mwambie nimenenepa, asije akanipita kama mgeni.

Mdogo wako,
Fundi Mabomba


11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila cherehani inakohoa, na Mama anaonea jicho moja tu, nalo kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari kasema presha ya macho hairudishi ilichochukua. Nilimwonyesha picha yako kwenye simu, akasema ni sufuria.

Sasa kaja na hesabu zake. Hatazami televisheni, hachambui mchele, mchana kutwa anakaa amefumba. "Natunza haka kalikobaki," anasema, "mpaka mwanangu aingie mlangoni." Nikamwambia, "Mama, jicho si sabuni, haliishi kwa kutumiwa." Akanijibu, "Wewe shona."

Njoo upesi.

Dada yako


26 Februari

Dada,

Shikamoo. Mwili mzima, mengine usiulize. Barua hii usimsomee Mama. Mwambie safari imeahirishwa kidogo.

Birika limerudi. Mpishi kalileta kwenye mfuko, kalishika kwa ncha za vidole, kaliweka mlangoni na kuondoka kinyumenyume. Redio ikafuata. Kiti bawabu kakisukuma kwa mguu.

Nilipokuwa nikiaga, katika mji mwingine mfanyakazi wa kiwanda cha mabati aliwapiga risasi wenzake saba kisha akajimaliza. Waandishi wakachimba maisha yake: mkimya, anaishi peke yake, baba alikufa mapema. Na siku mbili kabla, aligawa baiskeli yake na kuwaomba watu radhi.

Unaona nilipoingia.

Chuo kimeunda Kamati ya Dalili. Yuko mwanasaikolojia, yuko mkuu wa usalama, na yuko mhasibu ambaye kazi yake ni kutikisa kichwa. Wananichunguza. Kufiwa na baba nikiwa na miaka minne: alama. Kukaa peke yangu: alama. Niliposema ufundi nilijifunza mwenyewe, mkuu wa usalama akaandika, "Anajifundisha mambo faraghani." Alama mbili. Pasi yangu ya kusafiria imo kabatini kwake mpaka wamalize. Nikasema basi aniache niende, nitakuwa mbali nao. Akasema, "Wote wanataka kwenda."

Watakuandikia wewe, dada mtu. Tafadhali nisifie.

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Karatasi yao ilifika na nimekusifu mpaka nikaona haya.

Waliuliza kama utotoni uliwahi kudhuru wanyama. Nikaandika: ndiye aliyekuwa akituchinjia kuku tangu ana miaka tisa, mkono hautetemeki. Je, alipenda kuchezea moto? Nikaandika: nyumba nzima hakuna aliyejua kuwasha kama yeye. Je, ni mtu wa hasira? Hasira hana kabisa, hata ukimtukana ananyamaza tu, anakutazama. Nikasubiri waulize kama una bunduki. Hawakuuliza. Nikaandika pembeni: Hana bunduki, anaogopa hata tairi likipasuka.

Dukani tumelijadili jambo hili, kinachomfanya mtu aue, mpaka nguo ya mtu ikaungua kwa pasi. Mteja mmoja anasema ni michezo ya kwenye simu. Jirani anasema ni viboko vya utotoni, mwenzake anasema ni kukosa viboko. Mwingine kashikilia ni kukosa baba. Nikamuuliza, baba aliyekufa si wetu sote? Mimi ninashinda na mkasi mkononi kutwa na sijamchoma mtu, na wateja wa kustahili ninao.

Mama kauliza kwa nini safari ina siku nyingi hivyo. Nimeishiwa uongo.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umenizika kwa sifa. Kuku peke yao wamechukua kikao kizima. Yale ya pembeni hawakuyasoma, kwa sababu pembeni hapana nafasi ya alama.

Nimejitahidi kubadilika. Nikaanza kucheka kwenye korido, kula meza moja na watu, kuwapigapiga mabegani. Siku ya tatu nikaitwa: "Mabadiliko ya ghafla ya tabia." Nikarudia ukimya wangu. Nikaitwa tena: "Amejitenga upya."

Jana nilibaki na mwanasaikolojia peke yake. Nikamuuliza, "Daktari, wapweke wangapi waliofiwa na baba hawajampiga mtu risasi?"

Akasema, "Hao hatuna habari zao. Hawajafanya kitu."

"Sasa utajuaje mimi si wa hao?"

Akavua miwani, akajifuta uso. "Sitajua, Fundi. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi, naishi na paka. Lakini nikikuruhusu, kisha ukafanya jambo, sahihi ni yangu."

"Na nisipofanya?"

"Usipofanya hakuna atakayeniuliza."

Nilimwonea huruma, Dada. Tulikaa pale wawili, mlango mmoja, na hakuna aliyeweza kuufungua. Nikamwambia habari za Mama na jicho lake. Akaanza kuandika, kisha akaiweka kalamu chini.

Mdogo wako


23 Aprili

Dada, Dada, Dada,

Shikamoo! Niko huru.

Usidhani wamegundua mimi ni mtu mwema. Fundi mpya wa mabomba amefika na hana pa kulala, chumba ni hiki changu. Mhasibu, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akatamka: "Chuo hakiwezi kulaza mafundi wawili." Kikao kikaisha. Mkuu wa usalama akafungua kabati, akanipa pasi, akanishauri nisiage mtu.

Sikuaga. Birika nimeliacha mezani limejaa maji, fundi mpya atajua la kufanya. Nafika tarehe tano Mei. Mwambie Mama afumbue jicho alifanyie mazoezi. Mwambie mimi si sufuria.

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumefurahi, njoo salama. Chumba chako kimepakwa chokaa, na kitasa utakitengeneza mwenyewe, fundi ni wewe.

Mama atakuwa kwenye kiti mlangoni. Nimemwambia aingie ndani kuna baridi, amekataa, anasema hapo ndipo alipoahidi kukungoja. Ukifika usisimame kimya kama kawaida yako. Sema kitu, mwite. Tangu Jumapili haoni tena.

Dada yako