Unga wa Shemasi

Jumanne, mjini Katy

Eti aliniombea tu. Shemasi Josphat, aliyeniuzia ule unga wa mitishamba kanisani mtaa wa Alief, leo ameniambia kwa simu, "Dada, jina langu lisionekane kwa hiyo rufaa."

Mwanangu Kevo amesimamishwa kucheza besiboli chuoni. Mkojo wake ulikutwa na dawa za kuongeza nguvu, na rufaa inataka kujua zilitoka wapi.

Mimi ni nesi. Kazini sitoi hata tembe moja bila kusoma lebo. Nyumbani nilimkorogea mwanangu unga usio na lebo kwa uji, kila asubuhi.

Jioni nimeona fomu yake ya rufaa. Penye swali la nani alimpa, ameandika, "Sijui."

Anajua ni mimi. Lakini naogopea leseni yangu ya unesi.

Fomu nimeirudisha mezani hivyo hivyo.